Mtaalamu wa Roketi Hazaliwi, Husomeshwa

Siku hizi habari za vyombo vya angani zimekuwa za kawaida kama habari za mvua na mavuno. Hata hivyo wako watu wengi miongoni mwetu ambao bado hudhani kwamba kazi ya kutengeneza roketi ni ya watu wa namna nyingine, waliozaliwa na akili zisizofanana na zetu, katika miji mikubwa na nyumba za matajiri. Kijana akitamka kwamba ataka kuisomea kazi hiyo, huchekwa nyumbani, na mara nyingine huchekwa hata shuleni. Kicheko hicho kina madhara kuliko watu wanavyodhani, kwani humfunga kijana miguu kabla hajaanza safari. Tena hakina msingi wowote.

Neno letu la leo ni hili: mtaalamu wa roketi hazaliwi, husomeshwa. Kusomeshwa huko si kazi ya siku moja, wala si ya mkono mmoja. Ni ngazi ndefu yenye vipago vingi, na kila kipago hapana budi kiwe na mtu wa kukishikilia. Kikikosekana kimoja, apandaye huanguka, hata awe na akili kiasi gani. Ili tusije tukasema maneno matupu, tutaitazama nchi iliyo jirani yetu ng'ambo ya bahari, ambayo tangu kale pepo za kaskazi zimekuwa zikileta majahazi yake katika pwani yetu. Nchi hiyo ni India. Nasi tutamfuata mtu mmoja wa huko, Abdul Kalam, kutoka kwao kisiwani hadi siku roketi aliyoisimamia ilipofika angani.

KAZI YENYEWE

Lakini kwanza yafaa tujue roketi ni nini, maana mtu hawezi kuipima njia asiyoijua mwisho wake. Mtaalamu wa Kiingereza Isaac Newton aliandika mwaka 1687 kwamba kila msukumo hujibiwa na msukumo mwingine ulio sawa nao, uelekeao upande wa pili. Mvuvi arukaye kutoka katika ngalawa kwenda ufukoni huijua kanuni hii ingawa hajaisoma: yeye huenda mbele, na ngalawa hurudi nyuma. Roketi hufanya vivyo hivyo. Huchoma mafuta ndani yake, moshi wenye nguvu nyingi hutoka kwa nyuma, nayo husukumwa mbele. Haihitaji hewa ya kuegemea, tena hubeba yenyewe kitu cha kuuwezesha moto wake kuwaka. Ndiyo sababu huweza kwenda mahali ambapo ndege haiwezi kufika.

Ugumu wake uko katika mwendo. Chombo kikitaka kuizunguka dunia bila kuanguka, sharti kifikie mwendo wa karibu kilomita 8 kwa kila sekunde, yaani kama kilomita 28,000 kwa saa. Mwendo huo wataka mafuta mengi; mafuta mengi ni uzito; na uzito huo nao wataka mafuta mengine ya kuuinua. Aliyeupatia ugumu huo hesabu yake, katika maandishi aliyoyatoa mwaka 1903, ni mwalimu wa shule wa Urusi, Konstantin Tsiolkovsky, ambaye masikio yake yaliharibiwa na ugonjwa utotoni, naye akajisomea mwenyewe katika maktaba ya Moscow. Dawa ya ugumu huo ni kuigawa roketi katika sehemu. Ni kama msafiri wa jangwani abebaye vibuyu vinne vya maji: kila kibuyu kikiisha hukitupa, asiendelee kubeba kibuyu kitupu.

Hapo twaona kwamba hakuna elimu moja iitwayo elimu ya roketi. Mafuta yake yataka mtu wa kemia. Kiwiliwili chake chataka mhandisi ajuaye chuma na nguvu zake. Njia yake yataka mtu wa hesabu, na usukani wake wamtaka mtu wa umeme na kompyuta. Pamoja na hao wote yuko fundi wa kukereza vyuma, fundi wa kulehemu, na mkaguzi wa kila mshono, maana ufa mdogo kama unywele waweza kuiteketeza kazi ya miaka kumi. Wafanyakazi wa karakana wanaosoma ukurasa huu wasidhani kwamba habari hii ni ya maprofesa peke yao.

KIJANA WA RAMESWARAM

Abdul Kalam alizaliwa tarehe 15 Oktoba 1931 katika mji wa kisiwani wa Rameswaram, kusini kabisa mwa India. Baba yake alikuwa na mashua na alikuwa imamu wa msikiti wa mtaani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, gari moshi lilipoacha kusimama katika stesheni ya mji huo, mafurushi ya magazeti yalitupwa kutoka garini likiwa katika mwendo. Kalam mdogo alimsaidia ndugu yake kuyaokota na kuyagawa kwa wateja, na huo ndio ujira wake wa kwanza.

Kipago cha kwanza cha ngazi yake kilishikwa na mwalimu. Sivasubramania Iyer, aliyekuwa akifundisha sayansi, aliwaeleza watoto darasani jinsi ndege wa angani arukavyo. Alipoona hawajaelewa, aliwachukua hadi ufukoni wakawatazame ndege wenyewe, jinsi wapigavyo mabawa na jinsi wageuzavyo mkia. Kalam alisimulia maisha yake yote kwamba siku ile ndiyo iliyomwonyesha kazi yake. Mwalimu yule hakuwa na maabara ya fahari. Alikuwa na pwani, ndege, na nia ya kuhakikisha kwamba mtoto ameelewa.

Baada ya shule ya sekondari kijana huyu aliingia Chuo cha St Joseph's katika mji wa Tiruchirappalli, akahitimu fizikia mwaka 1954. Hapo ndipo alipong'amua kwamba alitakalo hasa ni uhandisi wa ndege, elimu iliyofundishwa katika Madras Institute of Technology. Alipata nafasi, lakini ada haikuwapo. Dada yake aliweka rehani bangili na mkufu wake wa dhahabu ili ada ile ilipwe. Yatupasa tulitafakari jambo hili kwa makini. Katika hesabu ya roketi iliyokuja kuruka miaka mingi baadaye, bangili zile nazo zimo, ingawa haziandikwi katika vitabu vya uhandisi.

Kipago kilichofuata kilishikwa na mtu mkali. Mkuu wa chuo aliukagua mchoro wa ndege ambao Kalam na wenzake walikuwa wakiutengeneza, akaona kazi imezorota. Kijana aliomba mwezi mmoja; akapewa siku tatu, na kuambiwa kwamba akishindwa atanyang'anywa msaada wa masomo. Alifanya kazi usiku na mchana akamaliza. Ukali wa namna hii, ukiwa wa haki, ni sehemu ya malezi ya fundi, kwani chombo cha angani hakimwonei huruma mtu aliyechelewa.

Tena asidhani mtu kwamba kila mlango ulimfungukia. Aliitamani sana kazi ya urubani katika jeshi la anga la nchi yake. Nafasi zilikuwa nane. Naye akawa wa tisa. Alirudi katika uhandisi, akaajiriwa katika idara ya utafiti wa ulinzi, alikopewa kazi ya kubuni chombo kiendacho juu ya mto wa hewa. Hakupata kuisomea shahada ya udaktari. Zile nyingi alizotunukiwa baadaye zilikuwa za heshima. Elimu yake kubwa aliipata kazini.

KANISA LILILOGEUKA KARAKANA

Sasa tutazame upande wa pili wa ngazi, yaani upande wa taifa. Kijana aliyesoma uhandisi katika nchi isiyo na kazi ya uhandisi hufanana na nahodha asiye na chombo. Mtu aliyekiandaa chombo hicho India ni Dakta Vikram Sarabhai. Yeye alichagua kijiji cha wavuvi kiitwacho Thumba, karibu na mji wa Trivandrum, kwa kuwa kiko karibu na mstari wa ikweta ya sumaku, mahali pafaapo kwa uchunguzi wa tabaka za juu za anga. Katika kijiji kile palikuwa na kanisa. Sarabhai alimwendea askofu, na askofu akawauliza waumini wake. Nao wakakubali kulitoa. Kanisa likawa karakana, na nyumba ya askofu ikawa ofisi.

Tarehe 21 Novemba 1963 roketi ya kwanza iliruka kutoka Thumba. Ilikuwa ndogo, na ilikuwa imetengenezwa Marekani. Mwaka huohuo Kalam na vijana wenzake walikuwa wamepelekwa Marekani kujifunza kazi ya kurusha roketi za namna hiyo. Picha moja mashuhuri ya siku zile yaonyesha sehemu ya roketi ikiwa juu ya kiti cha nyuma cha baiskeli. Wako waliocheka. Wako pia waliouliza swali zito zaidi: nchi yenye watu wengi wenye njaa yatafuta nini mawinguni?

Swali hilo ni la haki, wala halifai kupuuzwa. Sarabhai alilijibu kwa kusema kwamba India haikutaka kushindana na mataifa tajiri katika safari za mwezini, bali ilitaka elimu hiyo itumike kwa shida halisi za watu. Na jibu lake lilithibitishwa kwa vitendo. Katika miaka ya 1975 na 1976 vijiji kama 2,400 vilipokea kwa televisheni mafundisho ya kilimo, afya na elimu kupitia setilaiti iliyoazimwa kutoka Marekani. Baadaye setilaiti za India yenyewe zikawa zikionya watu wa pwani juu ya vimbunga na kuwaonyesha wavuvi mahali penye samaki. Kwa hiyo mkulima na mvuvi hawakuachwa nje ya kazi hii.

SOMO LA MWAKA 1979

Shirika la anga la India, ISRO, liliundwa tarehe 15 Agosti 1969, na Kalam akahamishiwa huko. Alipewa mzigo wa kuisimamia roketi ya kwanza ya nchi hiyo iwezayo kuipeleka setilaiti angani, iliyoitwa SLV-3. Ilikuwa na sehemu nne, urefu wa mita 22 na uzito wa tani 17. Na kwa ukubwa wote huo iliweza kubeba mzigo wa kilo 40 tu. Hata kabla haijaruka ilidai gharama yake: katika majaribio ya mitambo yake tangi la tindikali lilipasuka, likawaunguza watu waliokuwa kazini.

Tarehe 10 Agosti 1979 SLV-3 iliruka kwa mara ya kwanza. Sehemu ya kwanza ilifanya kazi vizuri. Ya pili ikapoteza usukani, na baada ya sekunde 317 roketi yote ikawa baharini. Chanzo kilikuwa vali moja iliyovuja. Tindikali iliyotakiwa kuuendesha usukani ilikuwa imepungua kabla ya kuruka. Kalam mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba kompyuta ilisimamisha hesabu ya kuruka dakika chache kabla ya wakati. Wataalamu wake walimwambia kiasi kilichobaki chatosha, naye akaamuru kazi iendelee.

Mambo yaliyofuata ndiyo yenye mafunzo makubwa. Waandishi wa habari walikuwa wakingoja, na fedha za umma zilikuwa zimezama baharini. Mkuu wa shirika, Profesa Satish Dhawan, hakumsukuma mbele yule kijana wake. Alikwenda yeye mbele ya waandishi, akakubali kwamba wameshindwa, akasema kwamba ana imani na watu wake na kwamba mwaka unaofuata watafaulu. Tarehe 18 Julai 1980 roketi iliruka tena, ikaiweka angani setilaiti Rohini yenye kilo 35. Siku hiyo Dhawan alimwambia Kalam aende yeye akazungumze na waandishi.

Viongozi wa kazi katika viwanda na maofisi, yatupasa kulisoma jambo hili mara mbili. Kama Dhawan angalimtupa mtu wake mwaka 1979, elimu yote ya miaka ishirini ingalitupwa pamoja naye, na yule ambaye angaliwekwa mahali pake angalilazimika kuyarudia makosa yaleyale. Mtu aliyeshindwa akajua kwa nini ameshindwa ni mali ya taifa. Ndivyo ilivyokuwa tena miaka mingi baadaye: chombo cha India kilivunjika juu ya uso wa mwezi mwezi Septemba 2019, na tarehe 23 Agosti 2023 chombo kingine, Chandrayaan-3, kikatua salama karibu na ncha ya kusini ya mwezi.

VIPAGO KWA MPANGO

Kijana au mzazi atauliza: basi njia yenyewe ni ipi? Tutaieleza kwa ufupi.

Msingi ni hesabu, na hesabu huanza katika shule ya msingi. Mtoto asiyeelewa sehemu na uwiano hawezi kuelewa aljebra. Na asiyeelewa aljebra hawezi kuielewa hesabu ya vitu vibadilikavyo, ambayo ndiyo lugha ya roketi. Katika sekondari ashike hesabu, fizikia na kemia, wala asiache hata moja kwa sababu ni ngumu. Azoeshe mikono pia: afungue redio mbovu, atengeneze baiskeli, ajue kutumia tupa na kekee. Mhandisi asiyejua chuma kinavyopinda mkononi huchora vitu visivyoweza kutengenezwa.

Chuo Kikuu huchukua kama miaka minne. Si lazima asomee vyombo vya anga moja kwa moja, maana uhandisi wa mitambo, wa umeme, wa kemia na wa kompyuta yote huingia katika roketi. Ritu Karidhal, mwanamke kutoka mji wa Lucknow, alisoma fizikia kwanza, kisha uhandisi wa vyombo vya anga. Akawa miongoni mwa wasimamizi wa safari ya India kwenda Mirihi, ambayo chombo chake kilifika huko mwezi Septemba 2014, na baadaye akaongoza safari ya Chandrayaan-2. Wazazi wanaodhani kwamba hesabu si ya mabinti na walitie jambo hilo maanani.

Baada ya shahada huja shahada ya pili kwa wengine, lakini kwa wote huja uanagenzi wa kazini chini ya waliotangulia. Hapo ndipo panapohitaji subira. Tangu Kalam alipohitimu fizikia hadi Rohini ilipofika angani ilikuwa miaka 26. Anayetafuta sifa za upesi na atafute kazi nyingine. Naye fundi aliyetoka shule ya ufundi asijione yuko nje ya ngazi hii, kwani mkono wake ndio ugeuzao mchoro kuwa chombo.

NA KWETU JE?

Pwani ya Afrika Mashariki si ngeni katika mambo haya. Dunia hujizungusha kwa mwendo wa karibu kilomita 1,670 kwa saa kwenye ikweta, na roketi irushwayo kuelekea mashariki kutoka mahali pa namna hiyo hupata msukumo huo bure. Kwa sababu hiyo Waitalia, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio, walisimamisha jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi. Kati ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka hapo. Moja ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo katika nyota, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Jina lilikuwa letu na bahari ilikuwa yetu. Lakini roketi ilitengenezwa Marekani, na jukwaa lilikuwa la Italia. Thumba nayo ilianza na roketi ya kigeni. Tofauti ni kwamba nyuma ya kila roketi ya kigeni India iliwaweka vijana wake wajifunze, wakaanza kutengeneza ndogo, kisha kubwa. Kutoka roketi ile ya mwaka 1963 hadi Rohini ilikuwa miaka 17 tu.

Haya si maneno ya kukatisha tamaa. Mwaka 2018 setilaiti ndogo iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi ilipelekwa angani, na mwezi Aprili 2023 Kenya ikarusha Taifa-1 kwa roketi ya Marekani. Mwaka huohuo wa 2023 tawi la chuo cha IIT Madras lilianza kufundisha huko Zanzibar. Chuo hicho si kile alichosoma Kalam, lakini makao yake makuu yamo katika mji uleule wa Madras, ambao siku hizi huitwa Chennai. Vipago vimeanza kupachikwa, ingawa bado viko mbalimbali.

Kwa hiyo basi kazi iliyobaki ni ya watu wengi, wala haiwangojei wataalamu peke yao. Mwalimu na ahakikishe kwamba mtoto ameelewa, si kwamba amekariri. Mzazi mwenye uwezo na aihesabu ada ya binti yake sawa na ya kaka yake. Mkuu wa karakana na amfungulie mlango kijana wa shule aje aone mashine zinavyofanya kazi, na ambaye amekosea kazini aelezwe kosa lake kabla ya kufukuzwa. Na kijana anayeyasoma haya akiwa na daftari la hesabu lenye alama nyekundu nyingi, asilifiche chini ya godoro. Leo jioni na alifungue, aanze na swali la kwanza alilokosa, na kesho asubuhi amwendee mwalimu wake na lile lililomshinda.